Sehemu ya Mia ya Sekunde

Saa kumi na nusu alfajiri, Grand Island, Nebraska.
Baridi imewamba kioo cha gari kama ngozi ya ngoma
nami naikwangua barafu kwa kadi ya benki,
kadi ambayo mwezi huu haina kazi nyingine.

Tessa kalala kiti cha nyuma, kofia hadi puani.
Nywele zake hunuka klorini
hata Krismasi, hata kanisani.
Wyatt, mdogo wake, tumemfunga mkanda na pajama zake;
usingizi ataumalizia kwenye benchi za bwawa,
hesabu za darasa la tatu atazifanyia gotini.
Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anapenda nini.

Nina daftari. Lorna halijui,
au analijua na ananistahi.
Klabu: dola mia mbili na themanini kila mwezi.
Kocha wa pembeni, wa kufundisha kugeuka ukutani tu:
sitini kwa saa.
Vazi la mashindano, mia nne na kumi,
hubana hata mama mtu na shangazi
humvalisha kwa dakika ishirini, wakitweta,
na mashindano sita baadaye limelegea kama soksi ya mlevi.
Hoteli ya Omaha. Hoteli ya Wichita.
Petroli. Petroli tena.
Meno ya Wyatt: hapo nimepiga mstari,
nikaandika, mwakani.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba kibaba nacho huvuja
haba kwa haba,
na hakitoi mlio.

Dale Hruska, tunayefanya naye kazi ghala la nafaka,
ndiye aliyenishika mkono siku ile:
“Duane, binti yako ana mabega ya chuo.”
Neno hilo nimelilalia miaka sita.
Nimeuza pikipiki. Nimeuza Jumamosi zangu zote.
Nimenunua nini?
Mwaka jana, yadi mia, mtindo wa kipepeo,
alishuka kutoka hamsini na nane nukta tisini na moja
hadi hamsini na saba nukta thelathini na sita.
Nikagawanya, usiku, taa ya jikoni ikivuma:
dola sitini kwa kila sehemu ya mia ya sekunde.
Hata dhahabu haipimwi kwa kijiko kidogo hivyo.

Barua ilikuja Machi, theluji ikigeuka tope.
Chuo, huko Dakota Kusini,
kinafurahi, kinajivunia, kinamkaribisha,
na kinampa dola elfu mbili na mia tano kwa mwaka.
Niliisoma mara tatu
nikitafuta sifuri iliyodondoka njiani.
Lorna akaigeuza karatasi. Nyuma nyeupe.
“Baba,” akasema Tessa, “wamenitaka.”
Ndiyo, nikasema, wamekutaka,
nikaenda gereji kutafuta bisibisi
nisiyokuwa na haja nayo.

Hesabu ile nyingine sijaipiga,
ile ya laiti tungeziweka tu benki.
Naijua jibu lake.
Iko ukurasa wa mwisho wa daftari,
haijaandikwa.

Jana, Lincoln, moteli ya bei nafuu,
kibwawa cha watoto na wazee wenye migongo mibovu.
Wyatt anazamia sarafu, Tessa anamkimbiza,
anameza maji kwa kicheko, anaogelea ovyo,
miguu huku, mikono kule,
kocha angemwona angelia.
Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mitupu,
na kidole gumba changu kinabonyeza hewa.
Kinabonyeza. Kinabonyeza tena.

Wyatt anaibuka na senti tano juu ya kichwa,
pengo la jino, kamasi, ushindi:
“Baba! Nimekaa chini muda gani?”

Miaka yote hii, saa mkononi,
na hilo silijui.
Zama tena, nasema.
Zama tena, nakutazama.